Bendi ya Vijana na Dawa za Wazee

Hotuba kwa wawakilishi wa jumuiya ndogondogo na vyama vya kitume, Kibakwe

 

Nimeombwa na Kamati ya Haki na Amani niseme juu ya mambo mawili ambayo ukiyatazama haraka hayana undugu: kombe lililoletwa na bendi ya wanafunzi wetu kutoka Mpwapwa, na vyeti vya dawa vinavyokaa katika mafundo ya kanga za bibi zetu bila kugeuka kuwa dawa. Nitaanza na kombe, maana furaha isiposemwa mapema hupoa.

Wengi mnakumbuka bendi hii ilivyoanza. Palikuwa na ngoma mbili za mchakamchaka, moja imetoboka, na filimbi moja ambayo mwalimu aliinunua kwa fedha zake. Ile iliyotoboka ikawambwa ngozi ya mbuzi. Mwaka wa kwanza watoto walipita hapa mbele ya kanisa siku ya Krismasi, nasi tukacheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mguu wake wa kushoto. Mimi mwenyewe nilicheka, na leo nawaomba radhi. Lakini wao waliendelea na mazoezi saa kumi jioni, baada ya kuchota maji ya shule, katika miezi ya kiangazi ambapo vumbi la uwanjani huingia hata ndani ya tarumbeta. Leo wana ngoma kubwa, ngoma ndogo sita, matoazi, filimbi na tarumbeta tatu zilizokwisha kutumiwa na watu wengine kabla yao, na kwa vyombo hivyo wameshika nafasi ya kwanza mbele ya shule ambazo vyombo vyao vinang'aa. Wale waliosimama uwanjani siku ile wanasema kilichowapa ushindi ni utulivu: bendi nzima iligeuka pembeni mwa uwanja kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba.

Lipo neno moja lililosemwa ambalo sikulipenda. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba anayebeba ngoma kubwa ni msichana. Ndugu zangu, katika Ugogo hii si habari mpya. Katika muheme wapigaji ngoma ni wanawake, ngoma wameibana kati ya magoti, na watu hutoka mbali kwenda kuwatazama. Kama ipo nchi isiyo na haki ya kushangaa binti akishika fimbo za ngoma, ni hii yetu.

Na bendi za gwaride zenyewe zina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ilikuwa na bendi ya tarumbeta ya wanafunzi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, vijana wa miaka ya 1890 walizitazama bendi za Wazungu, wakaunda ngoma yao iliyoitwa beni, yenye sare, vyeo na maandamano. Ngoma hiyo ikafika Tanga na Dar es Salaam, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi na kwa karamu. Kisha askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 wakaisambaza bara. Wamisionari wengi hawakuipenda beni, wakawakataza waamini wao, na walikuwa na sababu zao, kwa kuwa mashindano yale wakati mwingine yaliwafilisi watu. Lakini mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, alionyesha jambo ambalo waliokataza hawakulitazama sana: vyama vile vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Mwanachama aliye mgeni mjini akiugua au akifa, wenzake walichanga. Nyuma ya ngoma palikuwa na mfuko. Shikeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Sasa nije kwenye jambo la pili. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Umoja wa Mataifa uliiweka siku hiyo mwaka 1990, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mara ya mwisho tulipoiadhimisha, bendi yetu ilitangulia na wazee wakafuata kwa mikongojo yao, na kwa kweli ilipendeza. Hotuba zikasomwa. Neno lililorudiwa zaidi lilikuwa lile lililoandikwa kwenye kuta za vituo vingi vya afya, kwamba mzee apishwe kwanza. Mkutano ulipokwisha, bibi mmoja wa jumuiya yetu, ambaye sitamtaja, alinishika mkono, akanivuta pembeni chini ya mti, akafungua fundo la kanga yake na kunipa karatasi nimsomee.

Kilikuwa cheti cha dawa mbili za shinikizo la damu. Alikuwa amekwenda mahali pa kutolea huduma, nako sitakutaja. Akapishwa kwanza kama maandishi ya ukutani yanavyosema, akapimwa bila kulipa, akaandikiwa dawa, na kwenye dirisha la dawa akaambiwa kwa upole kwamba hazipo, akanunue. Dukani bei ya dawa za mwezi mmoja ilizidi bei ya debe la mahindi la siku ile. Akauza kuku wawili, akanunua nusu. "Mwalimu," akaniambia, "nameza leo, kesho napumzika, ili zifike mwisho wa mwezi."

Mimi nina umri wa miaka sabini na mmoja, nami natumia dawa za jamii hiyo hiyo. Tofauti yangu na yake ni moja tu: mimi nilifundisha shule miaka thelathini na mbili, kwa hiyo nina pensheni, yeye alilima miaka hamsini, kwa hiyo hana. Chakula nilichokula nikiwa mwalimu kijana kilitoka katika mashamba ya watu kama yeye. Najua kwa hiyo ninachokisema. Dawa ya presha hufanya kazi siku inapomezwa. Mgonjwa akipumzika, presha haipumziki pamoja naye. Hupanda kimya, bila maumivu, na siku moja mkono unashindwa kushika kikombe. Hicho ndicho kiharusi. Na hapa kwetu kiharusi hakimalizii kazi yake kwa mgonjwa. Mzee akianguka ghafla, watu huanza kuuliza ni nani aliyemtupia jicho, na jibu mara nyingi ni bibi mwingine mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake. Macho yenyewe ni mekundu kwa moshi wa kuni. Kwa hiyo kidonge kilichokosekana dirishani kinaweza kumwangusha mzee mmoja na kumfukuza mwingine kijijini. Kamati ya Haki na Amani ambayo hailitazami hilo itakuwa inatazama nini?

Sasa tuulize: bibi yule alistahili nini? Wengine wanadhani dawa ya bure kwa mzee ni hisani. Mwezi Julai 1993 Serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, kwanza katika hospitali za rufaa na za mikoa, kisha katika hospitali za wilaya. Tangu mwanzo utaratibu huo uliacha mlango kwa wasioweza kulipa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na baada yake Sera ya Afya ya mwaka 2007, ziliutaja mlango huo waziwazi kwa wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwaka 2018 ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambapo kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo ikaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Yote hayo ni maandishi ya Jamhuri. Bibi yule hakuwa anaomba.

Lakini someni tena maneno hayo: "wasio na uwezo". Nani husema kwamba fulani hana uwezo? Si daktari, wala si mfamasia. Ni sisi. Jina huanzia kitongojini, hupita katika serikali ya kijiji, na Afisa Mtendaji huliandika. Mzee asiyehudhuria mkutano kwa sababu ya miguu, asiye na mtoto wa kumsemea, asiyejua mwaka aliozaliwa ila kwamba alizaliwa wakati wa njaa fulani, huyo jina lake halifiki. Nimeona mzee mwenye ng'ombe na watoto wawili Dodoma mjini amepata kitambulisho, na jirani yake anayelelewa na mjukuu wa miaka kumi hana. Hakuna aliyemnyang'anya. Wakati wa kutaja majina hatukumkumbuka, basi, na miongoni mwetu tuliokuwepo siku ile nilikuwepo na mimi.

Halafu kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi: msamaha wa kulipa haujazi rafu. Mtu anaweza kusamehewa bei ya kitu ambacho hakipo. Kituo huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, na agizo hutegemea fedha zilizomo katika akaunti ya kituo. Mgonjwa aliyesamehewa haongezi kitu katika akaunti hiyo. Sisemi hivyo kuwatetea wanaosema "haipo" bila kuinuka kitini. Nasema ili tujue mahali pa kugonga. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Serikali na wafadhili za kuendesha vituo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wajumbe hao ni majirani zetu, na wengine tunakaa nao benchi moja Jumapili. Ni nani hapa amewahi kumwuliza mjumbe wa kamati hiyo dawa za presha ziliagizwa lini mara ya mwisho, na kiasi gani? Naona mikono miwili. Ahsanteni, nanyi wawili ni wanandoa.

Mahali pengine watu wamejaribu njia nyingine. Nshamba, wilayani Muleba, tangu mwaka 2003 shirika liitwalo Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee maskini pensheni ndogo. Wengi wao walikuwa bibi waliobaki na wajukuu yatima wa UKIMWI. Fedha hiyo ndogo ilionekana haraka katika sabuni, chumvi na viatu vya wajukuu. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alipata kuajiriwa. Nayataja haya ili mjue kwamba jambo linawezekana katika nchi hii hii.

Narudi kwa bendi. Baada ya kombe, mambo yalikwenda mbio. Mbuzi alichinjwa. Wazazi wakaanza kuzungumzia sare mpya, na mtu mmoja mwenye moyo mkubwa akapendekeza parokia itoe mchango wa pili Jumapili tatu mfululizo ili bendi inunue tarumbeta mpya kutoka Dar es Salaam. Katika kikao hicho hicho, mjumbe mwingine akasema: tuna wazee wanaogawa vidonge kama wanavyogawa mbegu mwaka wa ukame, nasi tunanunua shaba? Kikao kikachafuka. Nilikuwepo. Wengine walisema bendi ni mchezo, wengine wakasema wazee wana watoto wao.

Hapo nilikumbuka ugomvi ambao Bwana wetu alikuwa nao na Mafarisayo juu ya Korbani, katika sura ya saba ya Injili ya Marko. Watu walikuwa wakiweka mali yao wakfu kwa ajili ya hekalu, kisha wakawaambia wazazi wao wazee kwamba hakuna kilichobaki cha kuwasaidia. Yesu hakulikataa hekalu. Alikataa litumike kuwa ukuta wa kumkwepa mzazi. Nikajiuliza, je, kombe letu lisije likawa Korbani?

Ila nataka niwe mwangalifu, kwa sababu ipo hatari ya upande wa pili nayo ni kubwa. Wazo lililokuja baadaye ni kwamba bendi yenyewe ipige kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kofia ipitishwe kwa ajili ya dawa za wazee. Ni wazo zuri, na vijana wenyewe ndio waliolikubali kabla yetu. Lakini mtoto aliyejifunza kugeuka kona kama bawaba hakujifunza ili awe ombaomba wa parokia. Wasipigishwe siku za shule. Wasipelekwe kwenye kila harusi ya mtu mwenye gari. Theluthi moja ya kinachopatikana ibaki kwao, kwa ngozi za ngoma, kwa marekebisho ya tarumbeta, na kwa ile ya tatu ambayo kitasa chake kimefungwa kwa uzi. Mzee atakayesema theluthi ni nyingi, nitamwomba apulize yeye.

Na iko hatari nyingine ambayo kamati yetu inapaswa kuiogopa zaidi: tukianza kununua dawa, dirisha litajua. Leo dirisha linasema "haipo, kanunue". Kesho litasema "haipo, nenda kanisani". Hapo tutakuwa tumechukua haki ya mzee, tumeigeuza sadaka, na kumwondolea mwenye wajibu mzigo wake, tena kwa ngoma. Tulibishana juu ya hili kwa muda wa vikao viwili. Nitawaeleza tulipofikia, nanyi mtatukosoa.

Mfuko utanunua dawa kwa mzee ambaye kwanza amekwenda kituoni na kukosa. Atakwenda na kijana mmoja wa bendi wa kumsomea na kumshika mkono, kwa zamu, baada ya masomo. Wakiambiwa haipo, kijana ataomba kwa adabu cheti kigongwe muhuri kuwa haipo, kisha cheti kitaletwa kwa mama mweka hazina. Dawa itanunuliwa katika duka lenye kibali, ile ile iliyoandikwa na kwa kipimo kile kile; sisi si waganga, na naomba wazee wangu tuache desturi ya kuazimana vidonge, maana kidonge kinachoshusha presha ya bibi kinaweza kumwangusha babu mwenye figo mbovu. Katika daftari tutaandika tarehe, jina la dawa, bei, na neno moja: ipo au haipo. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake havitaandikwa humo. Siri ya mwili wa mtu si mali ya parokia.

Daftari hilo ndilo ninalolitegemea kuliko mfuko wenyewe. Kila miezi mitatu sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane, na kila miezi mitatu daftari litasomwa pale, mbele ya Mtendaji na mbele ya wajumbe wa kamati ya kituo: dawa fulani ilitafutwa mara ngapi, ilikuwepo mara ngapi, na maskini walilipa shilingi ngapi kwa kitu ambacho Serikali ilisema hawatalipia. Hatutamtukana mhudumu yeyote. Wengi wao wanafanya kazi ya watu watatu. Tutasoma hesabu, tutaketi, na tutasubiri jibu. Pasipokuwa na jibu, hesabu hiyo hiyo itakwenda kwa diwani, kisha Halmashauri kule Mpwapwa. Na siku daftari litakapoonyesha "ipo, ipo, ipo", mfuko ufungwe na bendi inunue tarumbeta.

Kuhusu majina, kila jumuiya ilete orodha ya wazee wake wote wa miaka 60 na zaidi kabla ya mkutano ujao wa kijiji, Wakristo na Waislamu na wasiosali popote, maana orodha ya kijiji haiulizi dini nasi tusiulize. Msikae nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya mkayakumbuka majina. Tembeeni mlango kwa mlango, hasa kule juu milimani ambako njia huisha kabla nyumba hazijaisha. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, tafuteni wawili waliokua naye waje waseme.

Bendi itapiga kwa mara ya kwanza Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya misa ya pili, chini ya ule mti. Yule bibi wa kanga amekubali kuja, ila ameniomba jambo moja, nami nimemwahidi kulifikisha kwenu vijana: ngoma kubwa isisimamishwe karibu na benchi lake, kwa sababu anasema humpandisha presha.